Paneli ya Zahanati na Mikono Mia Mbili na Saba

Nchi yetu, Jamhuri ya Mwangaza Tele, ina amani. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wasomaji wenye haraka ya kuhukumu, ambao wakiona mifupa miwili mitatu imevunjika katika hadithi, mara husema serikali ni mbaya. Serikali si mbaya. Ina kazi nyingi na virungu vichache, ndiyo maana wakati mwingine mwananchi hulazimika kusubiri zamu yake.

Mimi ni Hamduni Lutambi, karani wa mihtasari katika Ushirika wa Umeme wa Bonde la Chini, wenye wanachama mia nne na kumi na wawili. Kwa miaka kumi na moja nimeandika kila kilichosemwa kikaoni. Nilichokiona kwa macho sikuwahi kukiandika, maana hiyo si kazi ya karani. Umeme wetu huja Jumanne na Ijumaa, saa nne hadi saa sita mchana, mvua isiponyesha, upepo usipovuma, na Mwenyekiti asipokuwa anachomelea geti lake. Siku nyingine nguzo husimama tu, nasi huzitazama kwa fahari.

Mwenyekiti wetu ni Kanali mstaafu Abedi Mrindoko. Mwaka jana alialikwa ng'ambo kwenye kongamano la vyama vya ushirika vya umeme, akarudi na kofia mpya na kijitabu chenye picha. Alituita katika ghala la zamani la pamba, ambalo ndilo ukumbi wetu, akatusomea. Kumbe huko kwa wenzetu ushirika humtembelea mwanachama nyumbani kwake. Humkagulia friji kama mlango unafunga sawasawa. Humshauri abadili balbu, aache kuwasha pasi kutwa nzima, na akitaka paneli ya jua juu ya paa humsaidia kuipata. Likiwapo jambo kubwa, wanachama hukaa pamoja wakaliamua kwa kura. Matumizi hushuka, moshi hupungua, watu hufurahi.

"Ndugu wanachama," alisema Kanali akikifunga kijitabu, "nishati ni uhai, uhai ni nidhamu, na nidhamu ni mimi. Kuanzia leo Bonde la Chini litaokoa nishati mpaka hao wa ng'ambo waje hapa kuomba tuwaazime. Atakayechelewa kuokoa, nitamwokoa mwenyewe."

Watu walipiga makofi. Mimi niliandika: Makofi.

*

Huko ng'ambo kazi ya kuwatembelea wanachama hufanywa na mafundi wenye kalamu na daftari. Sisi mafundi hatunao. Kanali aliunda Kitengo cha Elimu kwa Wanachama: vijana kumi na wawili wenye vifua, kila mmoja na rungu lake la mpingo, chini ya Mratibu Komba.

Komba zamani alikuwa mlinzi wa ghala. Ni mtu wa amri za maandishi. Umpe karatasi yenye saini na muhuri, atatekeleza kilichoandikwa, neno kwa neno, wala hataongeza lake. Aliwahi kuandikiwa alinde mlango wa ghala. Ghala likashika moto upande wa nyuma, yeye akaung'oa mlango na kuuokoa. Alipewa cheti.

Juma la kwanza la elimu lilifana sana. Kwa Mwalimu Tengeneza walikuta pasi imewashwa na hakuna nguo mezani. Ili joto lile lisipotee bure, walimlaza kifudifudi wakamnyoosha shati likiwa mgongoni. Kwa Mponda seremala walikuta friji ambayo mlango wake haushiki. Waliufunga vidole vyake vikiwa ndani, wakaufungua, wakaufunga tena, mara ya tatu ukashika, na katika ripoti niliandika kwamba friji ya mwanachama ilitengenezwa bila gharama yoyote.

Mzee Ndimbo ndiye aliyewatatiza. Nyumba yake haijawahi kuunganishiwa umeme tangu ijengwe.

"Umeokoa kiasi gani mwezi huu?" Komba alimwuliza.

"Wanangu, mimi sina hata waya. Natumia kibatari."

"Nimeuliza umeokoa kiasi gani."

"Nitaokoaje nisichotumia?"

"Kwa hiyo hujaokoa kitu," alisema Komba, akamtia alama ya mkasi kwenye daftari. Mzee Ndimbo alielimishwa mbavu mbili. Juma lililofuata aliomba aunganishiwe umeme haraka ili naye apate wa kuokoa, akaambiwa hakuna nguzo za kutosha.

Mafanikio yalionekana upesi. Watu waling'oa balbu wakazifukia shambani. Waliuza redio, walivunja majiko ya umeme, na mwanamke mmoja alimkana mumewe hadharani kwa sababu ana wembe wa umeme. Matumizi ya Bonde la Chini yalishuka kwa asilimia tisini. Kanali alipeleka ripoti kwa wahisani wa ng'ambo pamoja na picha za wanachama waliolala chini wakipumzika.

*

Wahisani wakajibu kwa furaha. Walisema kuokoa nishati tumeweza, sasa wanataka kuona ushirika unavyowasaidia wanachama kuhamia kwenye nishati ya jua. Wangekuja kutazama, wakifuatana na Mheshimiwa Waziri wa Nishati.

Kanali alizunguka bonde zima na gari lake akitafuta nishati ya jua. Aliikuta moja tu: paneli iliyoko juu ya paa la zahanati. Wanawake wasuka mikeka waliichangia wenyewe, wakaipandisha wenyewe kwa ngazi ya kuazima. Iliendesha friji ya chanjo na taa ya chumba cha kujifungulia, basi. Tangu iwekwe, hakuna mtoto wa Bonde la Chini aliyezikwa kwa surua. Kabla ya hapo tulikuwa na sehemu yao maalumu makaburini.

Msimamizi wa zahanati ni muuguzi Siwema Lutambi. Ni dada yangu, tumbo moja. Mama alipofariki nikiwa na miaka minne, yeye ndiye aliyenilea na kunifundisha kusoma.

"Muuguzi," Kanali alimwambia, huku mimi nimesimama pembeni na daftari, "hiyo paneli yako inafanya kazi nje ya utaratibu."

"Inafanya kazi, Kanali. Utaratibu ndio haufanyi."

"Nishati ni mali ya wote. Paneli itahamia juu ya ofisi yangu iendeshe kiyoyozi. Wageni wakiingia, wahisi wenyewe ubaridi wa maendeleo."

"Na chanjo za watoto?"

"Watoto wa nchi hii ni mashujaa. Watavumilia joto."

"Watoto watavumilia, chanjo haivumilii. Ikipigwa na joto inakuwa maji tu. Surua ikirudi, utakuja kuchimba makaburi wewe?"

Kanali alicheka kama anayemcheka mtoto. Siwema hakucheka. Alichomoa kile kijitabu mfukoni mwa Kanali, mbele ya macho yetu, akafungua ukurasa wa mwisho.

"Kitabu chako hiki kinasema wanachama ndio wanaoamua. Wako mia nne na kumi na wawili. Itisha mkutano, uwaulize. Wakisema paneli iondoke, nitakushikia ngazi."

Niliogopa atapigwa pale pale. Lakini Kanali ni mtu wa sheria. Mtu huyu hajawahi kuiba kura hata moja maishani mwake, na hilo mpaka maadui zake wanalikiri. Alisema mkutano utafanyika Jumapili ya wiki ifuatayo, mbele ya Waziri na wahisani.

*

Tulipofika ofisini aliniagiza nimsomee Kanuni ya Kumi na Nne. Nilimsomea: kura itapigwa kwa kuinua mkono wa kulia mpaka upite utosi, mkono wa kushoto ni utovu wa adabu na hautahesabiwa.

"Wangapi wanamuunga mkono huyo mwanamke?"

"Wengi, Mheshimiwa. Kila mwenye mtoto."

"Ni wangapi wasipoinua mkono, nashinda?"

"Nusu ni mia mbili na sita. Wakiwa mia mbili na saba, hoja yako inapita."

"Kanuni zinasemaje kuhusu mwanachama aliyevunjika mkono?"

Nilizipekua zote. "Hazisemi kitu, Mheshimiwa."

"Unaona?" Kanali aliegemea kiti. "Demokrasia ina nafasi kubwa, ni sisi tu hatuitumii. Andika orodha."

Niliandika majina mia mbili na sita kwa mwandiko wangu mzuri, wenye mikia. La mia mbili na saba lilinishinda. Nililamba kalamu, nikatazama dari, nikajifanya natafuta wino. Kanali alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na alikuwa akilijua jina lile kama nilivyolijua mimi. Nikaliandika: Siwema Lutambi, muuguzi. Nilijiambia kwamba nimemweka mwisho kabisa, labda vijana watachoka kabla ya kumfikia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

*

Elimu ya mikono ilianza Jumatatu asubuhi. Utaratibu ulikuwa mzuri. Vijana walibisha hodi. Mwanachama alitoka, akaulizwa jina, likalinganishwa na orodha. Kisha aliwekwa chini, mkono wake wa kulia ukalazwa juu ya kizingiti, rungu likashuka mara moja. Ikihitajika mara ya pili, kijana aliyekosea alikatwa posho ya chai. Komba alitia alama ya vema, akaaga kwa heshima, wakaenda nyumba ya pili. Bi. Kibibi, mke wa Mponda seremala, aliomba amalize kwanza kupepeta mchele. Walimsubiri, tena mmoja wao akamshikia ungo. Sasa niambieni, kuna nchi ngapi ambako mtu anaweza kusubiriwa?

Siku ya kwanza watu walipiga mayowe. Siku ya pili wengine walianza kutoka nje mapema, mkono wa shati umeshakunjwa, ili yaishe waende shamba. Kijana mmoja mwenye kiburi aliyeitwa Makange alikimbilia mtini. Walimtikisa kama embe bichi, akaanguka akavunjika miguu yote miwili, na kwa kuwa orodha ilisema mkono, walimvunja na mkono.

Wote walikwenda zahanati kwa miguu, ila Makange. Siwema aliwapokea kwa foleni. Mabanzi yalipokwisha alipasua maboksi ya mbao ya dawa, bandeji zilipokwisha alichana shuka za wagonjwa. Hakulala vizuri wala hakula vizuri juma lile. Nilimwona kupitia dirishani, maana ofisi yetu na zahanati vinatazamana, uwanja tu katikati.

Kufikia Jumatano watu wakagundua jambo. Mwenye bandeji hasumbuliwi tena. Vijana wakimkuta njiani humpita, hata humsalimu. Basi wale ambao hawakuwa kwenye orodha, nao hawakujua kama wamo au hawamo, wakaanza kujifunga mikono iliyo mizima. Walijifunga kwa kanga, kwa magunia, kwa vyandarua. Mpaka marafiki wa Kanali walijifunga, kwa sababu rungu la mpingo haliulizi urafiki. Ijumaa hapakuwa na mkono wa kulia uliokuwa wazi katika Bonde la Chini, isipokuwa wa kwetu ofisini, wa vijana wa Kitengo na wa Siwema.

Siku hiyo Kanali aliingiwa na wasiwasi. Alisikia fununu kwamba baadhi ya bandeji ni za uongo, na kwamba kuna watakaozifungua mkutanoni na kuinua mikono ya kupinga. Akaniamuru niandike.

"Kwa Mratibu Komba," alisema akitembea huku na huku. "Siku ya kura, mkono wowote wa kulia utakaoinuka ndani ya ukumbi uvunjwe papo hapo, kabla haujapita utosi."

Nilisita. "Hata wa wanaokubali, Mheshimiwa?"

"Karani, wewe unafikiri au unaandika?"

"Ninaandika."

"Basi andika."

Akatia saini, akagonga muhuri. Komba aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja na kuiweka mfuko wa kushoto, juu ya moyo.

Jumamosi alasiri Siwema alimfunga bandeji mgonjwa wa mia mbili na sita. Alinawa, akatoka nje, akaketi kwenye ngazi ya zahanati. Komba na vijana wawili walikuwa wakivuka uwanja kumfuata. Uwanja ulikuwa kimya, kila neno lilinifikia.

"Nionyeshe hiyo orodha," alisema dada yangu.

Komba alimpa. Hakuna amri iliyomkataza. Siwema aliisoma kuanzia jina la kwanza, taratibu, mpaka chini.

"Naujua mwandiko huu," alisema. "Herufi hizi nilimfundisha mimi."

Aliirudisha karatasi, akaukunja mkono wa gauni lake la kazi, akaulaza mkono juu ya ngazi mwenyewe. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, chini ya meza, ambako Kanali hawezi kuona. Baada ya hapo nilimwona akijifunga bandeji kwa mkono wa kushoto na meno, kisha akaingia ndani kuangalia kipimajoto cha friji.

*

Jumapili ghala lilijaa. Wanachama mia nne na kumi na wawili waliketi kwenye mabenchi, kila mmoja na mkono wa kulia umening'inizwa shingoni. Waziri alipoingia alisimama akapigwa na butwaa kwa furaha.

"Sare hii imependeza sana!" alisema. "Ndiyo nini hii, Kanali?"

"Vazi la kampeni, Mheshimiwa. Linaonyesha kwamba mwanachama ameacha kupapasa swichi ovyo."

Mhisani wa ng'ambo, aliyekuja kwa niaba ya wenzake, alipiga picha nyingi. Aliomba naye afungwe bandeji moja, akafungwa, akawapungia watu mkono wa kushoto.

Mlango mkubwa wa ghala ulikuwa wazi, na kupitia hapo tuliliona paa la zahanati. Vijana wawili wa Kitengo walikuwa juu yake tayari, wamechuchumaa kando ya paneli, spana mkononi. Walikuwa wakingoja Kanali atoke mlangoni na kuwapungia kofia. Nati nne tu ndizo zilizoishikilia paneli ile. Siwema aliketi benchi la mbele kabisa na macho yake hayakuwa kwa Kanali wala kwa Waziri, yalikuwa kwenye spana.

Kanali alihutubia kwa muda mrefu kuhusu jua. Alisema jua ni mwanachama mwanzilishi wa ushirika wetu, lina nidhamu, halijawahi kuchelewa kazini, wala halijawahi kuomba kura. Kisha akasoma hoja: kwamba paneli ya zahanati ihamishiwe ofisi ya Mwenyekiti.

"Wanaopinga wainue mikono!"

Hapakuinuka kitu. Nilisikia mtu akikohoa, kisha mtoto akilia nje. Nikaandika: Sifuri.

"Wanaokubali!"

Hapakuinuka kitu. Kanali alitabasamu, akangoja, tabasamu likaanza kumkauka usoni. Ndipo shemeji yake, Bwana Zahoro, aliposimama benchi la tatu. Alifungua kanga aliyojifungia kwa madaha, akaunyoosha mkono wake mzima, mnene, akaanza kuuinua. Komba alifika pale kwa hatua tatu. Rungu likashuka, mlio wa mfupa ukasikika ghala zima, na Bwana Zahoro akaanguka juu ya wenzake akipiga kelele za kumtaja mama yake.

"Komba!" Kanali alifoka. "Huyo ni wetu!"

Komba alitoa karatasi mfukoni. "Mkono wowote wa kulia, Mheshimiwa. Haikusema wa nani."

"Naifuta hiyo amri!"

"Kwa maandishi, Mheshimiwa. Na muhuri."

Muhuri ulikuwa mjini kwa fundi, ukichongwa upya kwa ajili ya sherehe. Kanali aliwasihi wanachama. Aliwaahidi nguzo, aliwaahidi waya, aliwaahidi umeme hata Jumatano. Marafiki zake waliitazama mikono yao iliyofungwa wakaguna kwa maumivu ambayo hawakuwa nayo. Mimi nikaandika sifuri ya pili chini ya ile ya kwanza.

"Zimelingana," alisema Waziri, ambaye harufu ya pilau ilikuwa imeanza kumfikia. "Kanuni zenu zinasemaje?"

Nikasoma Kanuni ya Kumi na Tano: kura zikilingana, Mwenyekiti atapiga kura ya uamuzi, kwa mkono wa kulia.

Kanali alivuta pumzi. Alimtazama Komba, na Komba alimtazama kwa huzuni ya kweli.

"Ndugu Komba," alisema Kanali kwa sauti ya kikao, "huu wangu si mkono. Huu ni taasisi."

Akauinua. Ulipita kiuno, ukapita bega, ulipokaribia sikio rungu lilitua kwenye kiwiko. Sijawahi kuona mkono ukikunjika upande ule. Komba alikuwa akitokwa na machozi, lakini pigo lilikuwa safi, hata posho yake ya chai ilibaki salama. Kanali alikaa sakafuni, kofia ikabingirika mpaka miguuni pa Mhisani, ambaye aliiokota akaipiga picha.

"Umepita!" Kanali alipiga kelele. "Mkono umepita! Karani, andika umepita!"

Kule juu ya paa kijana mmoja aliinuka. Alikuwa ameona kofia ikiruka, akadhani ndiyo ishara. Nati ya kwanza ilianza kufunguka.

Waziri alinigeukia. "Karani wa kura ni wewe. Mkono wa Mwenyekiti ulipita utosi, au haukupita? Sema tukale."

Miaka kumi na moja nilikuwa naandika nilichosomewa, na nilichosomewa sasa kilikuwa wazi: umepita. Nilifungua kinywa niseme hivyo. Siwema aligeuza uso akanitazama, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa ambaye hajui kama atapona.

"Haukupita, Mheshimiwa," nikasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mwongo!" Kanali alilia. "Uliishia wapi, basi? Uliishia wapi?"

"Ndiyo," alisema Waziri. "Uliishia wapi? Maneno matupu hayatoshi. Onyesha."

Komba alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwangu. Aliufuta uso wake, akalishika rungu vizuri, akanitazama kwa adabu. Nje, nati ya pili ilikuwa inafunguka. Nilitamani sana kuonyesha kwa mkono wa kushoto, lakini mkono wa kushoto hauhesabiwi.

"Uliishia hapa, Mheshimiwa," nikasema, nikauinua wa kulia mpaka karibu na sikio.

*

Kwa hiyo naandika haya kwa mkono wa kushoto, mnisamehe mwandiko. Hoja ilianguka. Waziri alitangaza hivyo kwa haraka na kwenda kwenye pilau, na Komba, baada ya kusomewa matokeo, alitoka mlangoni akawaamuru wale wa juu wakaze nati zote na washuke. Walizikaza. Mhisani aliandika katika taarifa yake kwamba hajawahi kuona ushirika ambao viongozi hujitolea kiasi hiki, na kwamba msaada utaongezwa.

Zahanati tulilazwa chumba kimoja: Kanali kitanda cha dirishani, mimi kitanda cha mlangoni, na Mzee Ndimbo katikati akiuguza mbavu. Friji ilikuwa ikinguruma kwenye kona. Siwema aliingia, mkono wake mmoja shingoni, mwingine umeshika sinia. Alifungua kabati, akalifunga, akaja kusimama miguuni pa kitanda changu.

"Hamduni," alisema. "Sindano ya ganzi imebaki moja. Mifupa ya kurudisha imebaki miwili, wako na wake. Niichome wapi?"

Mkono ulikuwa ukiniuma mpaka meno yalikuwa yakigongana. Nilijua alichokuwa ananiuliza. Nilijua hata alichotaka nijibu, na jibu lenyewe lilikuwa rahisi, neno moja tu. Lakini kinywa kilinitangulia, kikajibu kwa mazoea ya miaka kumi na moja:

"Mchome Mheshimiwa, dada."

Mzee Ndimbo alianza kucheka akajishika mbavu. Kanali, kule dirishani, alisema kuwa hilo ni agizo na litekelezwe upesi. Siwema alinitazama kwa muda, na nikaona machozi yake kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Kisha akaenda kumchoma Kanali sindano, akarudi, akanipa pindo la kanga niliume, akamwambia Mzee Ndimbo anishike miguu.